Mita Mia Tatu za Kamba ya Baba

Naona haya hata kuanza, lakini kwa vile kuna watu hapa Voi ambao wakinikuta sokoni hunyoosha mikono yote miwili mbele, wakakutanisha vidole na kusema "tatatata", afadhali niieleze mwenyewe, polepole, kabla haijaanza kusemwa kwamba niliangusha ndege ya kweli.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa kuwaza. Nilimaliza chuo kikuu miaka miwili iliyopita, shahada ya hisabati, na tangu hapo nimeandika barua nyingi za kuomba kazi, kila moja nikiisoma mara saba kabla ya kuituma na mara tatu baada ya kuituma (hizo tatu ndizo huniumiza, maana ndipo makosa huonekana). Katika kungoja majibu ndipo nilipoanza kwenda kwa Kioko, jamaa mwenye chumba cha kompyuta nyuma ya soko, ambako kuna gemu ya ndege za kivita za zamani, zile za propela, unaketi na kushika kijiti cha kuendeshea na kufukuzana mawinguni na watu waliokaa meza ya pili.

Sasa hizo ndege zina bunduki kwenye mabawa, kushoto na kulia. Zikipigwa zikitazama mbele moja kwa moja, risasi zitampita adui pande zote mbili. Kwa hiyo huelekezwa ndani kidogo ili zikutane mahali fulani mbele, na umbali huo unauchagua mwenyewe. Chukulia watu wawili wamesimama kwenye pembe mbili za shamba, kila mmoja na mpira wa maji, na wote wanataka kumwagilia kabichi moja. Maji yatakutana kwenye hiyo kabichi. Iliyo karibu zaidi itabaki kavu katikati. Gemu yenyewe ilikuja na mita mia mbili, na kwa miezi mingi nilipiga watu vizuri tu bila kujua kwamba kuna kitu cha kuwazia.

Nilicheza pamoja na Wakesho, msichana wa Chawia anayefundisha chekechea hapa mjini, ambaye huruka kama anayevuka barabara akiwa amechelewa. Tukafika fainali ya mashindano ya Kioko, wawili kwa wawili, mbele ya watu, na Kioko akasema ataionyesha kwa projekta ukutani.

Hapo ndipo baba anapoingia. Babangu analima kabichi na kufuga ng'ombe wawili Werugha, na katika hiyo miaka miwili hajaniuliza hata siku moja kama nimepata kazi, na wenye wazazi wa aina hiyo wanajua jinsi ukimya huo ulivyo mzito. Lakini kanisani watu humuuliza yeye. Nilimsikia kwa masikio yangu Jumapili moja akimjibu mzee mwenzake, "Mwakio anarusha ndege. Kwa kompyuta, lakini ni ndege." Lile "lakini" sikulisahau. Aliposema atateremka Voi kuitazama fainali, nilitaka kitu kimoja tu, kwamba arudi mlimani na habari ya mwanawe isiyo na "lakini" ndani yake.

Mtu mwingine angelala mapema. Mimi nikajiuliza: hivi mia mbili ni sahihi? Kweli mimi hupiga nikiwa mita mia mbili, ama nadhani tu? Nikakumbuka kwamba ninapofyatua, mabawa ya adui huwa yanajaa vidole viwili nikinyoosha mkono. Na mabawa hayo ni kama mita kumi na moja, ambazo (nilifurahi sana kugundua hili, Mungu anisamehe) ndizo urefu wa nyumba yetu ya Werugha. Basi wiki moja kabla ya fainali nikapanda nyumbani, nikavuka kibonde kilicho mbele ya nyumba, nikapanda matuta ya upande wa pili na mkono mmoja mbele, jicho moja limefungwa, nikirudi nyuma hadi nyumba ikaenea ndani ya vidole viwili. Mama alimuuliza baba kama niko sawa. Baba akasema ni mambo ya ndege, akaleta kamba.

Ile kamba ya baba ni ya katani, ina fundo kila mita tano, na ndiyo imepima kila mstari wa kabichi tuliowahi kula. Tukapima kutoka nilipokuwa hadi mlangoni, yeye akishika mbele na mimi nyuma, tuta hadi tuta, tukashuka mpaka kwenye kijito, tukaruka, tukapanda. Tukapata mia tatu. Baba akahesabu mafundo mara mbili, kwa sababu huwaza kama mimi, ni vile tu yeye huwazia mboga. Mia tatu.

Siku ya fainali nilifika mapema. Wakesho aliponiona nimefungua ukurasa wa bunduki akaniambia, "Wewe, usiguse kitu. Tumefika hapa na hivyo vilivyo." Nikamwambia ni hesabu. Akasema hesabu ibaki chuoni. Nikabonyeza mia tatu.

Baba alikuja na koti lake la kanisani. Kioko akamtolea kiti cha mbele kabisa, kile cha plastiki chenye mikono, akamtangaza kwa kipaza sauti kwamba mzee wa rubani Mwakio yuko nasi kutoka Werugha, watu wakapiga makofi, na baba akainuka akapunga mkono.

Tulianza vizuri, nisiseme uongo. Wakesho alimwangusha mmoja mapema, ukumbi ukalipuka. Akabaki adui mmoja, naye akamganda Wakesho nyuma, anamfukuza, na mimi nikaja nyuma yake huyo adui, tukawa watatu kwenye mstari mmoja: Wakesho mbele, adui katikati, mimi nyuma. Nikanyoosha mkono mbele ya skrini yangu. Vidole viwili kamili. Nikafyatua.

Risasi zangu zikampita adui, moja upande huu, moja upande ule, vizuri kabisa, bila kumgusa hata rangi, zikaenda zikakutana mbele yake kama nilivyozipangia. Na pale zilipokutana palikuwa na Wakesho.

Ndege yake ilishika moto, ikavunjika bawa, ikaanguka. Halafu nikasikia mtu mmoja tu anapiga makofi, kwa nguvu, amesimama, na sauti ninayoijua tangu kuzaliwa inasema, "Amempata! Mwanangu huyo, amempata!"

Kioko akasema kwa kipaza sauti, kwa upole, "Mzee wetu, huyo alikuwa wake."

Baba akatazama ukutani. Akaketi polepole, huku mikono bado imekutana.

Hapo ningenyamaza na kucheza. Adui bado yuko hewani, peke yake, risasi ninazo, mchezo haujaisha. Lakini mimi sikuweza kuvumilia watu wafikirie kwamba nilifanya kusudi, wala baba aketi pale hajui kilichotokea, basi nikageuka kitini nikaanza kueleza. Nikaeleza habari ya mabawa. Nikaeleza kabichi na mipira ya maji. Na ili nieleweke vizuri nikanyoosha mikono yote miwili mbele, nikakutanisha vidole.

Mikono yote miwili. Ile iliyokuwa imeshika kijiti.

Wakesho ndiye aliyeniambia, bila hata kupandisha sauti, "Mwakio, ardhi." Nikageuka nikaona miti, ikaongezeka ukubwa, ikaisha. Adui alishinda bila kunipiga risasi hata moja, na nasikia hakuwahi kujua nilikuwa nyuma yake.

Wakesho alitusindikiza kwenye kibanda cha chai, akakaa kando ya baba, akamega mandazi. Nilianza kumwomba msamaha, kwa hoja tatu nilizokuwa nimezipanga, akaniambia ninyamaze ninywe chai, kwamba amekwisha kuangushwa mara nyingi lakini hii ndiyo mara ya kwanza kwa hesabu. Baba alicheka kidogo kisha akaacha. Alikuwa anachora kitu mezani kwa chai iliyomwagika: mstari unashuka, mstari unapanda.

"Ile kamba," akasema. "Tuliilaza chini."

"Ndiyo, baba."

"Tukashuka nayo kijitoni."

"Ndiyo."

Kwetu shamba hupimwa hivyo, kamba ikilala juu ya udongo na kufuata kila tuta, kwa sababu kabichi hazipandwi hewani. Risasi nazo hazishuki kijitoni. Nilikuwa nimeshalijua hilo tangu nilipoona miti, na nilikuwa nimeapa kwamba hatalisikia kwangu.

"Basi huyu binti," baba akasema, "tumemwangusha wawili." Akamgeukia Wakesho akamwomba radhi, kwa heshima kabisa, kama mtu ambaye ng'ombe wake ameingia shamba la jirani.

Juma lililofuata tuliivuta ile kamba upya, ikaning'inia juu ya kijito, yeye ng'ambo ile na mimi ng'ambo hii, tukapata mia na themanini na kitu. Ile mia mbili tuliyoikuta ilikuwa inatutosha siku zote. Nimeapa sitabadilisha tena kitu kinachofanya kazi, si siku ya mchezo wala siku nyingine, na barua za kazi nazo sasa nazisoma mara mbili tu (mara tatu, lakini najitahidi).

Baba bado huja tukicheza. Huniuliza mlangoni, kabla hata ya salamu, "Umegusa kitu?" Nikisema hapana, anaenda kuketi. Na nikiangusha ndege, kwanza humtazama Wakesho, akimwona bado anaruka, ndipo anasimama na kupiga makofi.