Mvua Ilipokatika Fundi Asijue

Sipendi kuandika. Nimelisema hilo mara tatu, na bado wale wa chama cha baiskeli wamekuja wakaniachia daftari na kalamu mpya juu ya meza, kama mtu anayemmwagia kuku mtama. Wanataka habari za mume wangu ziingie katika kijitabu chao. Nikawaambia nendeni mkamuulize mwenyewe, si yuko hapo nje ameinamia habu ya gurudumu. Wakasema wamemuuliza, amecheka tu. Haya. Mimi kuandika nilijifunza nikiwa na watoto wanne, kwa hiyo herufi zangu zinatembea kama mbuzi, kila moja na njia yake. Anayeona tabu asisome.

Mume wangu ni fundi wa baiskeli. Mji mzima unamwita Sikio. Mafundi wengine wakinyoosha rimu huweka kipande cha chaki karibu nayo, wakazungusha gurudumu, na chaki inapogusa ndipo palipopinda. Wangu hakuwahi kushika chaki. Alikuwa anafumba macho, anapiga spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine, kama mtu anayebisha hodi nyumba arobaini na kila nyumba inaitika. Spoku iliyolegea inasema "dum". Iliyokazwa mno inasema "tii". Anazungusha kisipana kidogo, anapiga tena, mpaka zote za upande mmoja ziitike sauti moja. Mafundi wa chaki aliwaita wapaka rangi.

Na mimi msinidhanie ni mzigo wa kubebwa kwenye keria. Niliuza maziwa kwa baiskeli miaka ishirini na miwili, makopo mawili nyuma, mtoto mgongoni.

Alipofika miaka sitini na moja, magurudumu yakaanza kurudi. Mtu anachukua lake Jumatatu, Jumatano linayumba kama mlevi. Yeye anasema barabara mbovu. Nyumbani nikimwita kutoka jikoni haitiki, nikimfuata hadi mbele ya pua anaitika. Nikamuuliza, "Fundi, masikio yako mazima kweli?"

Akasema, "Mazima. Maneno yako ndiyo yamechakaa."

Nikarudi jikoni. Si kwamba nilishindwa jibu, majibu ninayo mpaka mengine yanaoza. Nilijua siku atakapokiri kwamba hasikii, ataweka kisipana chini na hatakishika tena. Namjua. Ni mtu wa yote au hakuna. Na fundi asiyeshika kisipana anabaki kukaa mlangoni anaangalia viatu vya wapita njia hadi siku zake ziishe. Hilo ndilo nililoliogopa, wala si jingine.

Ndipo siku moja, tunakula, akasema, "Mama watoto, twende safari. Kwa baiskeli."

"Wapi?"

"Tuvuke mpaka. Twende tu, hadi barabara yenyewe ichoke. Mwezi mzima."

Binti yetu mkubwa alilia. Alisema wazee kama nyinyi mtaokotwa mtaroni. Nikamwambia mtaro wa ugenini nao sijawahi kuuona. Lakini nilikubali kwa sababu moja: nilitaka kujua. Njiani hakuna karakana ya kujifichia. Mwezi mzima ningemwona mchana na usiku.

Kumbe yeye ndiye aliyekuwa amepata pa kujificha, na mimi sikung'amua. Ng'ambo ya mpaka wanasema lugha ambayo hatuijui hata neno la maji. Watu wakitusemesha tunachekacheka wote wawili, tunaonyesha mdomo tukiwa na kiu, tunaegemeza shavu kiganjani tukitaka pa kulala. Mimi ilinichosha. Yeye alinawiri. Alipiga soga na wapasua mbao, na walinzi wa mageti, na bibi mmoja aliyekuwa anaanika mahindi, soga ndefu za mikono na nyusi, akaagana nao kama ndugu. Siku kumi alikuwa kijana. Hata mluzi alipiga, ingawa mluzi wenyewe ulikuwa umepinda, na mimi nikajisemea ni upepo.

Siku ya kumi na moja ikanyesha.

Haikuwa mvua ya hasira. Ilianza kabla hatujafumbua macho, na kulipokucha ilikuwa kama imekuwepo siku zote. Milima ilikuwa imefutwa. Miti ilitokea mmoja mmoja, ikatutazama, ikarudi ndani ya ukungu. Lami iling'aa mpaka nikaiona baiskeli yangu chini yangu, magurudumu kwa magurudumu, na juu yake mwanamke aliyelowa ambaye huwezi kumkadiria umri. Tairi zilisema shhh, shhh, kama mtu anayebembeleza mtoto. Maji yaliyopita mgongoni mwangu yaliacha kuwa ya baridi, yakawa maji tu. Nadhani nililala huku naendesha. Niliona ng'ombe wote niliowahi kuuza maziwa yao wamepanga mstari kando ya barabara, wamelowa, wanacheua, na kila mmoja nilimjua kwa pembe. Niliwasalimia. Mbele yangu mgongo wa mume wangu uliyeyuka, ukarudi, ukayeyuka.

Nikamwita. Hakugeuka. Nikasema, ni mvua.

Kisha akatumbukia. Kulikuwa na shimo lililojaa maji likajifanya barabara, na gurudumu lake la nyuma likaingia kwa kishindo ambacho hata mimi huku nyuma nilikisikia mifupani. Hakuanguka. Alisimama, akaliinua, akalizungusha kwa kidole. Spoku tatu zimekatika, rimu imejikunja kama tabasamu la mnafiki.

"Tumekwama?" nikauliza.

Aliniangalia mdomoni kwanza, halafu akajibu, "Nikose mimi kunyoosha rimu? Nitafutie kipaa tu."

Kipaa kilikuwepo, cha bati, hatua mia mbele, pembeni mwa tanuri la matofali. Mwenye tanuri alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imejaa udongo hadi viwikoni. Alitutazama tulivyochuruzika, akasema neno refu la kwao, akatuvuta ndani, akanitandikia magunia karibu na ukuta wa tanuri. Ukuta ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Juu yetu mvua ilipiga bati hadi ukawa huwezi kusikia mawazo yako mwenyewe. Mwenye tanuri alinisemesha kwa sauti kubwa, nami nikamjibu kwetu kwa sauti kubwa, tukaelewana kwamba hatuelewani, tukacheka.

Mume wangu alikaa juu ya matofali, mgongo ameupa mlango. Alitia spoku tatu za akiba. Akafumba macho, akapiga ya kwanza kwa ukucha. Akatulia. Akapiga tena, ameinamisha kichwa hadi sikio linakaribia kugusa rimu. Akakaza. Spoku ikakatika.

"Mvua hii!" akasema. "Hainiachi nikasikia."

Maneno ya kweli. Nani angesikia spoku chini ya bati lile? Nikamwonyesha kwa kidole kwamba atumie macho, azungushe aone linapogusa breki. Akanikazia jicho kama nimemtukania mama. "Mimi si mpaka rangi," akasema. "Nasubiri ikatike."

Basi nikalala. Joto lilinipanda kutoka mgongoni, likanifunga macho kwa vidole vyake. Niliota gurudumu kubwa lililolala chali kama uwanja, na sisi wawili tunatembea juu ya spoku zake, mimi nimeshika nyingine, yeye nyingine, na kila hatua yangu inalia. Nikatazama miguu yake. Yake hailii.

Niliposhtuka, sikujua kilichoniamsha. Kilikuwa kimya. Bati lilikuwa kimya. Tone moja lilianguka mlangoni, baada ya muda mrefu likafuata jingine. Nje mwenye tanuri alikuwa amekwisha kupanga matofali mabichi juani, mistari mitatu, kwa hiyo mvua ilikuwa imekatika tangu zamani. Jua limeingia hadi miguuni pa mume wangu. Naye amekaa vilevile, macho amefumba, kisipana mkononi, sikio limeelekea juu.

Akasema, bila kufumbua macho, "Ikikatika tu, namaliza."

Nimeishi na mtu yule zaidi ya miaka thelathini, na siku hiyo ndiyo nilimwona. Nikaelewa na ule ujana wake wa siku kumi. Alikuwa ametafuta nchi ambayo kutosikia si aibu, nchi ambayo hata mimi mkewe ni kiziwi.

Nikaenda nikakaa mbele yake. Kivuli changu kikamgusa, akafumbua macho. Aliona uso wangu. Aliona jua miguuni mwake. Akageuka, akaona nje matofali yaliyopangwa, mistari mitatu.

"Imekatika lini?" akauliza.

"Kitambo."

Akaweka kisipana chini, juu ya tofali, polepole, kama anayelaza mtoto. Nilichokiogopa miaka yote ndicho kile.

"Usiwaambie watoto," akasema. "Tutauza baiskeli huku, turudi na basi."

"Basi utapanda wewe. Okota hicho kisipana."

"Mama watoto, sisikii. Zile za juu zote zimekwenda. Nasikia mlango, nasikia radi. Spoku sizisikii."

"Mimi nazisikia," nikasema. "Nimelala na kelele zako tangu niolewe. Nikizikosea nikate kidole."

Nikapiga ya kwanza kwa ukucha. Ikasema "dum". Nikamgonga goti mara moja: imelegea. Hakusogea. Nikamgonga tena, kwa nguvu ya kuua mbu.

"Unaniumiza!"

"Basi kaza!"

Akaokota. Akakaza robo mzunguko. Nikapiga, bado, nikamgonga. Akakaza. Ikaitika sawa na jirani yake, nikampapasa goti, tukaenda nyumba ya pili. Iliyosema "tii" nilimgonga mara mbili, akalegeza. Katikati tuligombana, yeye anadai hiyo nimekosea, mkono wake unamwambia nimekosea, na kweli nilikuwa nimekosea, lakini sikumwambia, nilipiga upya tu. Mwenye tanuri alisimama mlangoni na tofali mikononi, akatutazama mpaka akasahau kulitua. Ile iliyokatika hatukuwa na ya kuiziba, tukaacha pengo.

Alipolizungusha, lilipita katikati ya breki kama maji. Akaliangalia linazunguka hadi likasimama lenyewe. Kisha, mtu yule asiyewahi kunisifu hata kwa chumvi, akasema, "Ukucha wako ni mzito. Ukate."

Tulikwenda siku nyingine kumi na tisa, na tukarudi kwa magurudumu, si kwa basi. Hiyo sasa ni miaka tisa. Watoto niliwaambia siku ileile tuliyofika, na yeye alikasirika wiki nzima. Mpaka leo anakaa kwenye kigoda chake na mimi kwenye changu. Mimi napiga, yeye anakaza. Nimemuuliza kama niandike hili, akasema andika, amechoka kuwaitikia "ndiyo, ndiyo" mambo asiyoyasikia.

Sasa nyinyi wa chama. Mmetaka karatasi, mmezipata, na mkono unaniuma. Ila tangu mvua za mwaka huu zianze, kuna spoku mbili tatu ambazo na mimi nasikia zinanong'ona tu. Kwa hiyo nileteeni mtu. Awe mke, awe mume, awe na mvi, sijali, ila awe na masikio mazima na mdomo wa kufunga. Aje Jumatatu asubuhi, tukiwa tumefungua. Aje na kigoda chake, na kucha zake ziwe fupi.