Mizani Iliyojaribiwa Ulaya

Kwa miaka ishirini na sita Nthiga alikuwa afisa wa vipimo, na Meru nzima ilimjua kwa ukali wake. Wachinjaji wa Majengo wakiliona gari lake tu walianza kufuta mizani kwa kitambaa. Alizaliwa Embu, kwa mama aliyebeba kahawa mgongoni hadi kiwandani, na alipenda kusema kwamba alichagua kazi hii ili mkulima asipunjwe tena. Alilisema hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Mwaka juzi kiwanda kimoja cha kahawa huko miteremkoni kilinunua mizani ya kielektroniki kutoka Ulaya. Ilikuja na cheti, na Nthiga alikijua cheti cha namna hiyo. Alikuwa amehudhuria semina Nairobi kuhusu makubaliano ya nchi nyingi kutambua matokeo ya majaribio: aina ya mizani ikishajaribiwa vizuri katika maabara ya nchi moja, nchi nyingine hazirudii kazi hiyo tangu mwanzo. Lakini mkufunzi alionya. Cheti ni cha aina ya mizani. Kila mizani bado lazima iwekewe mawe ya kupimia, yenye uzito unaojulikana, pale itakapotumika, kwa sababu mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Huku kwetu karibu na ikweta, tena juu mlimani, mzigo unavutwa kwa nguvu ndogo kuliko Ulaya, na mizani ya kielektroniki isiporekebishwa itapunguza uzito. Nthiga aliyaandika hayo yote kwenye daftari lake.

Siku ya ukaguzi mvua ilinyesha. Mawe ya kilo ishirini ishirini yalikuwa nyuma ya gari, mgongo ulimuuma, na njia ya kuingia kiwandani ilikuwa tope tupu. Muthomi, karani wa kiwanda, alimwekea chai na kumfungulia cheti mezani. Nthiga akakisoma, akaridhika, akaandika kwenye fomu kwamba mawe yamewekwa na mizani iko sawa. Akabandika muhuri. Hakuna jiwe hata moja lililoshuka garini.

Miezi minne baadaye alialikwa kwenye mkutano wa wakulima pale kiwandani. Karwirwa, mjane mwenye miti mia mbili ya kahawa, ambaye wengi walimwita Mama Kiunga kwa jina la mtoto wake, alisimama.

"Kahawa yangu inapungua njiani," alisema. "Kwa mizani ya kanisa ni kilo hamsini kamili. Nikifika hapa inakuwa arobaini na tisa nukta nane. Nimejaribu mara tano."

Nthiga akajibu kabla ya mwenyekiti. "Mama Kiunga, hii mizani imejaribiwa Ulaya na wataalamu. Ile ya kanisa ni chuma kuukuu ya kusukuma jiwe kwa mkono. Sasa tuamini ipi?"

Watu wakaangua kicheko. Karwirwa hakuketi.

"Ofisa, hiyo chuma kuukuu si ni wewe uliiwekea muhuri mwezi wa pili? Siku hiyo ulibeba mawe, nilikuona. Na hii ya Ulaya, uliibebea?"

"Ina muhuri," alisema Nthiga, akaketi.

Asubuhi iliyofuata alifika kiwandani kabla ya wafanyakazi. Alibeba mawe moja baada ya jingine, matano, akayapanga juu ya mizani. Kilo mia. Mizani ikasoma tisini na tisa nukta sita. Akayashusha, akayapanga upya. Ikasoma vilevile. Kila gunia lililopita hapo tangu msimu uanze lilikuwa limepunjwa, na sahihi kwenye fomu ilikuwa yake.

Kilichofuata ndicho kinachomuumiza zaidi hadi leo. Alibandua muhuri, akairekebisha mizani mpaka ikasoma mia kamili, akabandika muhuri mpya. Muthomi alipoingia na kumuuliza, "Kuna shida, ofisa?" alijibu, "Hakuna. Napitia tu."

Akaendesha hadi Makutano, akaegesha kando ya maduka. Malori yalimpigia honi, hakusogea. Alikuwa akimwona mama yake amesimama kwenye foleni na gunia. Baada ya muda akatoa karatasi, akamwandikia mkubwa wake kila kitu, hata uongo aliomwambia Muthomi.

Aliondolewa kazi ya ukaguzi kwa mwaka mmoja. Kiwanda kilipiga hesabu na kumrudishia kila mkulima kilo zake. Lakini kabla ya hayo Nthiga alikwenda kwa Karwirwa. Alimkuta akipepeta maharagwe uani. Hakumkaribisha kiti.

"Nimekuja kuomba msamaha, mama."

"Kwangu?" Karwirwa aliendelea kupepeta. "Mimi nilijua ukweli tangu mwanzo. Ulinifanya nichekwe mbele ya watu, na mtoto wangu alikuwa hapo. Enda useme huko."

Mkutano uliofuata, Nthiga alisimama. Alikuwa ameandaa maelezo marefu kuhusu vyeti na mvutano wa dunia, ila hayakutoka. "Sikuweka mawe," alisema. "Niliandika kwamba niliyaweka. Mama Kiunga alisema kweli, na mimi nikamwaibisha." Wazee wa mstari wa mbele waliinamisha macho, kana kwamba wamemkuta uchi.

Karwirwa ndiye aliyeinuka.

"Tumesikia," alisema. "Mwenyekiti, sasa tuongee juu ya mbolea."

Mazungumzo yakahamia kwenye mbolea. Nthiga alibaki amesimama, asijue kama aketi ama atoke.