Mtu Aliyekuja Kuniulizia

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nimekulia mpakani Tunduma, nimesukuma mkokoteni wa sabuni kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kabla sijaota ndevu, shule nimeishia darasa la tano, na leo nina malori manne yanayopishana barabara ya Lusaka. Waliosoma wananiomba kazi. Nyumba yangu ina vyumba saba; nalala kimoja.

Kwa hiyo nilipoamua kulitafuta faili langu la utotoni, sikuona kazi yoyote. Nililelewa kwenye makao ya watoto ambayo yalishafungwa zamani, na mafaili yake yakahamishiwa ofisi ya ustawi wa jamii. Nilitaka kujua jambo moja tu: miaka ile yote, kuna mtu aliyewahi kuja kuniulizia? Nikafanya kama ninavyofanya kwa kila mzigo uliokwama ofisi ya serikali. Nikamtuma wakala wangu wa forodha, na bahasha.

Alirudi na bahasha imejaa vilevile.

"Bosi, yule dada amenicheka. Anasema faili la mtu si kontena. Uende mwenyewe."

Nikaenda. Dada mwenyewe angeweza kuwa binti yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unajua mimi ni nani?"

"Hicho ndicho ninachokitaka, baba. Kalete barua ya mtendaji wa mtaa inayosema wewe ni nani."

Mtendaji ananifahamu, kila mtu Tunduma ananifahamu. Aliandika huku ananitania kuhusu tumbo langu, mpaka alipofika mahali pa ndugu wa karibu.

"Niandike nani, mkubwa?"

"Paache wazi."

"Haparuhusiwi kuachwa wazi."

"Basi mwandike dereva wangu."

Akacheka sana, akidhani ni utani wangu. Nami nikacheka naye, na bado nikamtajia dereva.

Saa nne haijafika nilikuwa nimesharudi ustawi, barua mkononi. Dada akafungua faili. Lilikuwa jembamba kuliko nilivyotegemea kwa mtu mzima kama mimi. Nilisoma polepole, kidole kikifuata mstari, hadi pale palipoandikwa kwa wino uliofifia: Bibi wa mtoto amefika kwa miguu kutoka Mbangala, ana kuku mmoja. Anataka kumchukua mjukuu wake. Ameambiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji. Chini yake, kwa mwandiko mwingine: Hakurudi.

Barua. Ileile niliyoipata mimi kwa gari, kabla chai ya asubuhi haijatoka tumboni. Yeye alikuwa na miguu yake tu, na Mbangala si hapo nyuma ya soko.

"Yule kuku, bibi alimwacha?" nikauliza.

"Hawajaandika, baba. Pole sana."

"Pole ya nini? Mimi sina shida na mtu."

Akaniruhusu nikatoe kivuli cha ukurasa ule. Akanisindikiza hadi kibanda cha steshenari kilichopo nje, maana karatasi ya ofisi haiachwi iende peke yake.

"Nakala ngapi, mzee?" akauliza mwenye mashine.

"Mbili." Kisha nikafikiria ile ya pili nitampa nani aisome. "Hapana. Toa moja."

Bahasha ilikuwa bado mfukoni, nene, haijafunguliwa. Niliipita nikapapasa chini yake nikitafuta sarafu. Shilingi mia mbili, bei ya nakala moja.