Dawati la Mtumbwi wa Pombe

Pombe ya ndizi iliyolala ina harufu yake, na sisemi ile ya kunyweka. Nasema ile iliyozama ndani ya mti, ikachacha, ikafia humo. Miaka ya sabini, tulipokwisha kuhamishiwa kijiji kipya upande wa Makere, shule yetu ilikuwa kuta za udongo na vumbi la kukalia, na vumbi lenyewe funza watupu. Wa vidoleni tuliwazoea, mama aliwatoa kwa mwiba. Lakini mimi msichana nilikaa chini kwa sketi, wakaniingia makalioni, na kutolewa funza makalioni ukiwa umelala kifudifudi uani, kuku wamesimama pembeni wakingoja kuokota, sitaki kukumbuka, ingawa nimeshakumbuka. Nikamwambia baba sirudi shule.

Mbao za mninga za kutengenezea dawati zilikuwa za watu wa Kasulu mjini. Baba alichokuwa nacho ni mtumbwi wa pombe, si wa majini, ni lile gogo lililochongwa tumbo ambalo sisi hukamulia ndizi mbivu kwa majani. Babu aliwaachia yeye na kaka yake. Akaupasua kwa shoka na kabari, akalainisha vipande kwa tezo, akaunga miguu na kikalio kwa vigingi vya mti maana misumari hatukuwa nayo. Baba mkubwa alipokuja akakuta kazi imeshaharibika, aliuliza, “Pombe ya kumzika mama tutaikamulia kwenye kofia yako?”

Baba hakuinua kichwa. “Mama bado anamaliza ugali wake. Huyu mtoto ndiye anayeliwa.”

Uso wa dawati ulikuwa na bonde, kalamu ikabingirikia katikati. Hilo si kitu. Darasa lilipopata joto la watoto, mti ukaanza kutoka jasho jeusi lenye kunata. Daftari likaganda. Wakaja inzi, wakaja sisimizi, wakaja na nyuki. Mkono wangu ulinuka hata nikila, nikawa natapika chakula kizima. Wenzangu wakaniita Mama Kilabu. Baba alilisugua kwa majivu, akalimwagia maji ya moto, likanuka zaidi, kama vile ameliamsha. Mwalimu wetu, mtu wa kuja, msafi, asiyeonja hata togwa, akaziba pua akaniambia nichague: “Litoke peke yake ukae chini, au mtoke wote.”

Nikalitazama lile vumbi. Tukatoka wote. Nikaliweka nje, chini ya dirisha, nikawa nasoma kwa kusikiliza na kuchungulia, inzi wananitembea midomoni, mpaka mvua zilipoanza zikanirudisha nyumbani moja kwa moja. Bibi alipofariki tuliazima mtumbwi wa jirani, na baba mkubwa hakuigusa ile pombe.

Leo mjukuu wangu pale Kasulu ana meza ya dukani, ya unga wa mbao uliogandishwa, haina harufu yoyote. Juu yake kuna vipodozi, masahani yenye ukoko na nguo chafu za tangu juzi. Nikimwambia aandike, ananijibu, “Bibi, si unaona meza imejaa?” Ningemsomesha mwenyewe, lakini herufi ninazozijua ni zile tu zilizonifikia dirishani kabla ya mvua.