Mafuta ya Nazi Ndani ya Kichwa cha Treni

Watu wakinikuta barazani kwangu Mapinga na kichwa cha treni ya kuchezea mkononi, huuliza kama kazi hii ni ngumu. Si ngumu. Vile vya zamani, vya bati, vilitengenezwa na watu waliojua kwamba siku moja vitafunguliwa. Toa skrubu mbili, inua mwili, na ndani utaona kila kitu: springi inasukuma gurudumu la meno, hilo linasukuma jingine, mpaka magurudumu ya chini. Ukishindwa leo, funga, kanywe chai. Kesho utaona ulipokosea.

Mimi nimekosea sana. Kosa ninalolipenda kuliko yote nilimfanyia muuza vitambaa mmoja wa Bagamoyo mjini.

Aliniletea kichwa chekundu mwezi wa Februari, kimeliwa na chumvi ya bahari, springi imekatika. Kilikuwa cha dada yake, zawadi ya baba yao. Lakini yeye na kaka zake hawakumwachia hata siku moja azungushe ufunguo wa kukaza springi. Walisema msichana ataharibu. Wakaharibu wenyewe. Sasa dada alikuwa anakuja kutoka Maskati mwezi wa Julai, kwa siku tatu.

"Nataka azungushe yeye, na treni iende," aliniambia. "Kaka zangu wametangulia mbele ya haki. Aliyebaki kumtaka radhi ni mimi tu."

Kutu ya magurudumu niliitoa kwa siki na mswaki mkuukuu. Springi nilipata kwenye saa ya ukutani iliyokufa, kwa muuza vyuma chakavu wa Msata. Wakati wa kulainisha meno, chupa yangu ya mafuta ya cherehani ilikuwa tupu. Rafuni palikuwa na mafuta ya nazi, meupe, mepesi kama maji kwa joto lile. Nikasema, mafuta ni mafuta. Kichwa kikakimbia sakafuni mpaka kikagonga jokofu. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikakiweka kabatini.

Nilikipeleka Julai, asubuhi ya siku ya mwisho ya ziara ya dada yake, masanduku yakiwa tayari mlangoni. Nikamwamkia dada mtu, mama wa makamo, akaitika marahaba, akakaa mkekani. Mdogo wake, yule muuza vitambaa, akampa ufunguo kwa mikono miwili.

Akazungusha. Kichwa hakikusogea.

"Umekaza mno, dada," mdogo mtu akaropoka.

"Haya! Yameanza yale yale!"

Bwana wa watu akainamisha uso. Mimi nilikuwa napapasa mifuko nikitafuta bisibisi, jasho linanitoka na baridi yote ile. Mama akakiinua kichwa, akakinusa.

"Fundi, humu umetia nini?"

"Mafuta, mama."

"Mafuta gani?"

"Ya... nazi."

Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Ya nazi, kipupwe hiki? Ya kwangu ya nywele leo yameamka jiwe! Fungua tuone."

Nikafungua. Kweli, meno yote yalijaa ugando mweupe kama samli. Dawa yake kila nyumba ya pwani inaijua. Mama akakilaza kichwa ubavu kwenye sinia, akakianika juani barazani kama vile chupa ya mafuta ya nywele. Tukakaa tukikitazama. Gari la uwanja wa ndege likafika, dereva akapiga honi.

"Dada, ndege!"

"Ndege ina rubani wake. Hii inaningoja mimi."

Ugando ukaanza kung'aa, kisha ukawa maji. Ghafla magurudumu yakaanza kuzunguka yenyewe hewani, kwa ufunguo ule ule aliouzungusha yeye. Hakuwa amekaza mno hata kidogo. Mdogo wake aliona.

Nikarudisha skrubu. Mama akazungusha tena, akakiweka sakafuni. Kikapita katikati ya masanduku, kikapanda ukingo wa mkeka, kikaishia ukutani. Akakifuata, akazungusha mara ya pili, ya tatu. Ya nne, mdogo wake akanyoosha mkono.

"Na mimi kidogo, dada."

"Ngoja," akasema bila kumtazama. "Bado sijachoka."

Mdogo wake akaurudisha mkono taratibu, akatoka nje kumwomba dereva azime gari.