Nilisugua shingo ya binti yangu nikidhani ni uchafu

Niaje wakuu.

Najua hapa kila mtu huapa ni ukweli halafu anatia chumvi. Mimi siapi. Someni tu, mtaona hakuna mtu angejitungia aibu kama hii.

Nauza mitumba ya watoto hapa Kibera, upande wa Soweto East. Miaka tisa sasa. Mtoto akipita mbele ya meza yangu sihitaji tape measure. Naangalia mabega, namwambia mamake huyu ni size ya miaka five-to-six. Mama anabisha, anajaribisha, inaingia. Nimekosea mara mbili tu, na hao walikuwa mapacha.

Sasa skizeni. Binti yangu Mwende ako na miaka saba. Nguo alikuwa anavaa ni za eleven-to-twelve.

Na sikuona.

Ilipitaje? Mzazi mwingine nguo ya mtoto ikibana, lazima atoke akatafute ingine. Hapo anashtuka. Mimi nikifungua bale, lile furushi jipya la mitumba, zile nguo safi za juu natoa ya Mwende kwanza. Ikibana naweka kando, nachukua size inayofuata. Siendi popote. Tena nilikuwa naringa eti mtoto wangu hajawahi vaa nguo ya kumbana.

Na sifa, wakuu! Huku kwetu mtoto mnene ni cheti cha mzazi. Wateja wanamfinya mashavu, "Mama Mwende, wewe unalisha!" Mtoto akikonda, majirani wanaanza maswali ya chini chini. Akinona, hakuna mtu anauliza kitu.

Halafu shingo yake ikaanza kuwa nyeusi nyuma. Mstari mweusi, kama kola.

Nikamgombeza. "Kwani ukioga hii shingo huwa unaiacha wapi?" Jumamosi namkalisha kwa beseni, nasugua na sifongo. Haitoki. Nikachukua lile jiwe la kusugua miguu.

Nikasugua mpaka akalia. Hapo nitawaacha mnitukane kidogo.

Kilichotupeleka clinic si akili yangu, ni ngazi. Mchana mmoja tulikuwa tunapelekea customer nguo Nyayo Highrise, floor ya nne. Kufika ya pili Mwende akakaa chini.

"Twende," nikamwambia.

"Mama, ngoja kwanza pumzi ije."

Nikadhani anadeka. Kisha nikaona kifua kinavyoenda. Nikahesabu pumzi zake dakika nzima. Hesabu sikuiamini, nikarudia. Ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Mzigo nikauacha kwa caretaker, tukaenda clinic hiyo siku.

Nurse alikuwa mama mtu mzima, wa kuongea polepole. Akapima uzito, akapima urefu, akaandika. Akamwinamisha Mwende kichwa akaangalia shingo.

Mimi aibu ikanishika. "Sister, sisi tunaoga, usidhani."

"Mama, hii si uchafu. Usiisugue tena."

Akasema mwili wa mtoto unaweza kuwa unaanza kushindwa na sukari, na hiyo shingo ndiyo ishara. Akauliza kama kwetu kuna mtu ako na kisukari.

Wakuu, baba yangu alikatwa mguu mmoja, halafu wa pili, halafu tukamzika Kitui. Niliona ukuta wa hiyo room ukiinama.

Sasa mimi kazi yangu ni kubargain. Mdomo hujibu kabla kichwa hakijafika. Nikaanza: si ni mtoto bado? Si atarefuka mwili ujinyooshe? Si tungojee hata term iishe?

Sister akanikata. "Mama, hapa hatushushi."

Akaniambia nitaje chenye mtoto alikula jana. Nikatoa vidole. Chai ya sukari na mandazi tatu. Juice ya sacheti. Smokie, ile soseji ya kona. Chips, babake akitoka job huleta, ndio mapenzi yake. Soda ya kusukuma chips. Biskuti akiangalia TV. Ugali mkubwa kama wangu. Nikarudia hesabu nikitumaini itapungua. Mboga haikupata hata kidole kimoja. Maji nilikumbuka kikombe kimoja, cha kumezea dawa ya minyoo, na hiyo ilikuwa wiki iliyopita.

Kucheza? Nilikuwa namfungia ndani. Nje ni mtaro wazi na pikipiki. Niliogopa vitu vya nje, na kumbe kile cha kuogopa nilikuwa nakipakua kwa sahani.

Asubuhi iliyofuata akatolewa damu kabla ya kula. Majibu yakarudi: sukari yake iko kwa mpaka wa kisukari. Haijavuka, lakini iko kwa mpaka. Inaweza kurudi nyuma, sister akasema, bila kumshindisha njaa na bila zile dawa za kupunguza uzito za mtaani. Kisha akaniambia kitu kilichonichoma: "Huyu mtoto haendi sokoni. Nyinyi ndio mnaleta."

Kazi ngumu ilikuwa Kawangware, kwa mama yangu. Weekend Mwende hushinda kwake. Mama alilea watoto sita Kitui miaka ya ukame, na adui anayemjua ni sahani tupu. Nilimkuta akimwongezea chapati ya nne.

"Mum, inatosha. Clinic wamekataa."

"Hao wa clinic walinisaidia kulea nani? Kula, mjukuu wangu. Mamako ameanza uzungu."

Sikubishana. Nikashusha kola ya Mwende nikamwonyesha shingo.

"Si umsugue," akasema.

"Nilisugua."

Akapitisha kidole hapo, mara moja, polepole. Yeye ndiye alikuwa anaosha vidonda vya baba.

"Yake ilianza hapa," akasema. "Tulikuwa tunamcheka eti kola yake haitoki."

Akaichukua ile chapati kwa sahani ya mtoto.

Mwende akatuangalia mmoja mmoja. "Shosho, nimekosa nini?"

Wakuu, hapo niliogopa kuliko clinic. Mtoto wa miaka saba alidhani anahukumiwa. Nikamwambia hajakosa kitu, ni sisi tumekuwa tukipika vibaya.

Tangu hiyo siku hakuna sahani ya Mwende peke yake. Chenye anakula ndicho tunakula wote: sukuma, kunde, ugali mdogo, matunda, maji. Soda haivuki mlango. Babake alinuna wiki mbili, sasa akitoka job wanatembea pamoja mpaka reli na kurudi. Mum anapika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya kwetu, bila mafuta mengi, na analalamika kila kijiko.

Nilichojifunza: sifa za majirani si kipimo. Mpeleke mtoto apimwe uzito na urefu hata kama hajalia. Na usimwambie yeye ndiye shida, kwa sababu sahani anapakuliwa na wewe.

Alhamisi tunarudi kutolewa damu tena. Nguo zimelegea kidogo, lakini shingo bado ni nyeusi na mimi silali vizuri.

Wenye mmepitia hii na mtoto, semeni hapa chini mlifanya nini. Msiniambie tu itakuwa sawa. Na kama kwenu ilivuka mpaka, niambieni pia, tafadhali. Kuogopa nimeshaogopa, sasa nataka kujua.