Siku Waliposema Imetoka

Kila nikisikia harufu ya mawese yaliyochanganyika na kutu, nakumbuka baiskeli ya Mama Mdogo Zuhura. Kwetu Gisenyi, zamani zile za Wabelgiji, mafuta ya mashine yalikuwa ya wenye nazo. Sisi wengine cheni tuliipaka mawese, yaleyale ya kuungia maharage, na kilima kikipandwa kwenye jua kali barabara nzima ilinukia jikoni.

Na vilima tulikuwa navyo, jamani! Ukitoka mjini kwenda Kanama, unaacha ziwa nyuma yako, na kutoka hapo ni kupanda tu. Mimi msichana mdogo nilikaa pale chini ya mwinuko nikiwatazama watu, na nilichokiona sikukielewa. Wanaume walisimama juu ya pedali. Walinyanyua makalio, wakauma midomo, wakayumba kushoto na kulia, na wakizidiwa hawakubali kwamba wamezidiwa. Wanashuka, wanaminya tairi, wanatikisa kichwa, eti upepo umepungua. Mara nyingine kwa kusimama kule cheni ilichomoka kraa, na sisi watoto tukashangilia: "Imetoka! Imetoka!" Wanawake wenye baiskeli walikuwa wachache mno, nao walishuka mapema, wakakokota.

Mama Mdogo hakuwa upande wowote. Alipanda kilima amekaa, mgongo umenyooka, mtandio kichwani, polepole, bila kushuka. Mimi nilimkimbilia nyuma. Nilimuuliza mama yangu, dada yake, kwa nini mwanamke hasimami kwenye pedali. Akanijibu, "Mwanamke iko na mambo yake." Mambo gani? Akanituma maji.

Mama Mdogo alikuwa ameolewa na fundi cherehani, Baba Mdogo Saidi. Yeye anashona, mkewe anapeleka nguo kwa wateja wa Kanama. Walipendana, hilo hata mtoto aliliona. Lakini nyumba yao haikuwa na mtoto, na Bibi Mwajuma, mama yake Saidi, hakuwa mtu wa kunyamaza. Alisema saa yoyote, mbele ya yeyote, kwamba kiti cha baiskeli kinakausha kizazi, na kama mambo hayabadiliki mwanamke huyo atarudi kwao. Mimi nilijua kizazi ni kitu fulani cha kukauka, kama nguo. Basi sikuona ubaya.

Mvua zilipoanza mwaka ule, Mama Mdogo akaacha kupanda. Ghafla tu! Alifunga mzigo wa nguo kwenye keria, akashika usukani, akakokota kutoka mlangoni hadi Kanama, na mimi nyuma nasukuma. Hata penye tambarare hakupanda. Kurudi, barabara inateremka tu, bado anatembea. Niliona aibu, wallahi. Yule niliyejivunia kwa wenzangu amekuwa kama wanawake wengine.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Sasa mi niko nabeba muzigo," akasema, akacheka peke yake.

Nikautazama mzigo. Ulikuwa mdogo kuliko wa siku zote. Nikazidi kuchanganyikiwa. Alikuwa pia anasimama njiani kutapika, kisha anafuta mdomo na kutabasamu, na mimi sijapata kuona mtu anayetapika kwa furaha namna ile.

Asubuhi moja mama akanishika mkono tukaenda kwa Mama Mdogo mbiombio. Uani kulikuwa na sufuria kubwa ya maji motoni, na wanawake majirani wakiingia na kutoka bila kusalimiana vizuri. Nikamsikia mmoja anamnong'oneza mama: "Imetoka."

Moyo wangu ukatulia. Kumbe cheni! Nikazunguka nyuma ya nyumba kuitazama baiskeli. Cheni ilikuwa mahali pake, inang'aa mawese. Nikazungusha pedali kwa mkono, gurudumu likaenda vizuri kabisa. Nikarudi mlangoni nikasikia Mama Mdogo analia chumbani, kilio kizito kisichoisha, nikashangaa mtu mzima kulilia cheni ambayo haijatoka.

Sebuleni Bibi Mwajuma alikuwa amesimama mbele ya mwanawe. Baba Mdogo ameinamisha kichwa, sentimita ya kupimia nguo bado imening'inia shingoni.

"Si nilisema?" Bibi alikuwa anafoka. "Ni ile baiskeli! Iko napanda vilima sawa mwanaume, lazima itoke! Na sasa iko naapa eti aliacha kupanda. Nani alimuona? Arudi kwao, leo leo!"

Hapo nikashindwa kuvumilia. Wanamfukuza mama yangu mdogo kwa ajili ya cheni!

"Haikutoka!" nikapiga kelele. "Iko palepale, nimeiangalia! Na hapandagi tena! Tunasukuma, yeye mbele mi nyuma, mpaka Kanama. Hata pa kushuka hapandagi!"

Baba Mdogo akainua kichwa, macho mekundu.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu mvua. Nilimuuliza kama amechoka, akasema iko nabeba muzigo."

Alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Kisha akasimama. "Mama," akasema taratibu, "umesikia mutoto. Zuhura haendi mahali." Akaingia chumbani kwa mkewe akafunga mlango, na kilio kule ndani kikawa kikubwa zaidi.

Nikajua nimeharibu. Mtoto anayeingilia maneno ya wakubwa kwetu alipigwa kofi kwanza, akaulizwa baadaye. Nikamsubiri mama. Lakini mama alinivuta akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akanipa andazi, naye analia. Nilikula andazi lile bila kujua nimezawadiwa kwa kosa gani.

Nilikwenda na fumbo hilo miaka mingi, mpaka nikawa mke wa watu. Nikawa nimelala kwa mama mkwe wangu na mimba changa, nimeishiwa nguvu, mkunga akatoka nje nikamsikia anawaambia: "Imetoka." Nikacheka. Machozi yananitoka na nacheka, wakadhani akili imeniruka. Ilikuwa mara ya kwanza kuelewa niliongea kitu gani sebuleni siku ile, na Baba Mdogo alisikia kitu gani.

Mama Mdogo alikuja jioni yake, nywele zake zimeshakuwa nyeupe. Nikamwambia kila kitu: cheni, mawese, pedali niliyoizungusha. Alinisikiliza mkono mdomoni.

"Yee! Cheni?" akasema. "Mi miaka yote najua ulijua! Nyumba imejaa watu wazima, nimeapa mpaka sauti imekwisha, hakuna aliniamini. Mutoto mumoja tu ndiye alinisemea. Na kumbe alikuwa nasemea cheni!"

Tukacheka, tukalia, sikujua kipi ni kipi. Kisha akasikiliza sauti ya mama mkwe wangu iliyokuwa inapanda huko sebuleni, ikinilaumu.

"Na wewe?" akaniuliza. "Hapa nani anakusemea?"

Akainuka, akajifunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaenda sebuleni.